Stima, Nanasi na Kijiti: Namna Barafu Ilivyopanda Hadi Longisa

Katika nyanda za chai za Kericho na Bomet, watoto walionja barafu miaka mingi kabla ya friji ya kwanza kuingia kijijini. Iliwaangukia toka juu. Alasiri, unyevu unaotoka Ziwa Victoria hukutana na upepo wa mashariki juu ya miteremko ya Mau, wingu jeusi hujikusanya, na ghafla paa la mabati halimruhusu mtu kusikia la mwenzake. Mama hukimbilia nguo kambani. Baba huwaza majani ya chai yatakayochanikachanika. Mtoto naye husimama mlangoni na sufuria, akingoja mvua ipungue aokote mawe yake kabla hayajawa maji.

Ni sehemu chache mno duniani zinazopigwa na mvua ya mawe kama hizi. Hesabu inayonukuliwa mara nyingi huipa Kericho na vilima vya Nandi wastani wa siku 132 za mvua ya mawe kwa mwaka. Kwa mwenye shamba la chai hiyo ni hasara tupu, maana jani lililotobolewa halifai kiwandani na kichaka hukaa wiki kadhaa kabla ya kuchipua upya. Ndiyo sababu katika miaka ya 1960 wataalamu wa hali ya hewa wa Afrika Mashariki walifanya jaribio la miaka minne la kulipua maroketi ndani ya mawingu ya Kericho. Baadaye zikaja ndege zilizonyunyiza iodidi ya fedha. Hoja ya kunyunyiza ilikuwa hivi: tone la maji winguni hutaka chembe ya kushikilia ndipo ligande, na chembe zikiwa nyingi maji yaleyale hugawanyika kuwa mawe madogo mengi, ambayo huyeyuka kabla ya kufika chini.

Chembe hizo zinatoka wapi katika hali ya kawaida? Mwaka 1982 Russell Schnell na S. N. Tan-Schnell walichapisha utafiti uliotazama chini ya vichaka vyenyewe. Waligundua kwamba takataka za majani ya chai yanayooza ardhini zina chembe hodari za kugandisha maji, tena kwa baridi kidogo tu, na wakatoa wazo kwamba huenda vumbi hilo, likitimuliwa na miguu ya wachumaji, hupanda na hewa hadi mawinguni. Kwa maneno mengine, yawezekana barafu inayoliumiza shamba la chai imeanzia katika shamba lilelile.

Barafu ya aina hiyo, hata hivyo, huja itakapo na kuondoka itakapo. Ile inayonyonywa kwa hiari, yenye rangi, sukari na ladha ya tunda, ina historia nyingine kabisa. Kuifuatilia ni kufuatilia nguzo za stima.

Longisa ni mahali pazuri pa kuifuatilia. Kituo hiki cha biashara kiko Bomet Mashariki, kwenye barabara inayotoka mjini Bomet kwenda Narok, kabla ya kufika Mulot na mto Amala. Chai iko jirani lakini haiko mlangoni. Anayeelekea Silibwet, Tenwek na Kapkoros ndiye anayeingia katika ule ukijani usiokatika. Anayeelekea Mulot huona nchi ikizidi kukauka na kuwa ya mahindi na mifugo. Wakenya wengi hulijua jina la Longisa kwa sababu ya hospitali yake, ambayo ndiyo ya rufaa ya Kaunti ya Bomet. Kwa vile pako ukingoni, kati ya baridi ya Mau na joto la tambarare za Narok, pana kipindi kirefu cha jua, hasa Januari hadi Machi, ambacho humfanya mtoto wa shule atamani kitu baridi kuliko andazi.

Kabla ya friji, hakuna aliyehitaji baridi ili chakula kidumu. Wakipsigis, wenyeji wa huku, walikuwa na ujuzi wao, na bado wanao: mursik. Maziwa huchemshwa, yakapozwa, kisha yakatiwa ndani ya sotet, kibuyu ambacho tumbo lake limesuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet. Makaa hayo huyapa maziwa rangi ya kijivu na harufu ya moshi, na maziwa yakiganda kwa uchachu wake hukaa siku nyingi bila kuharibika. Kibuyu kilifanya kazi ambayo kwingine ilifanywa na pishi la barafu. Kwa hiyo kitu baridi kilipofika huku juu hakikuja kuziba pengo la jikoni. Kilikuja kama starehe, na walioipokea kwanza walikuwa watoto.

Kwingineko duniani kitu baridi cha namna hiyo kilikuwa kimeanza zamani. Kisa kinachosimuliwa Marekani ni cha Frank Epperson, mtoto wa miaka 11 katika eneo la San Francisco, ambaye mwaka 1905 aliacha nje usiku kikombe cha maji ya soda ya unga kikiwa bado na kijiti chake cha kukorogea. Asubuhi alikuta kimeganda, akashika kijiti na kulamba. Alipokuwa mtu mzima aliomba hataza ya barafu ya kijiti, akaipata mwaka 1924. Kisa hicho kinahitaji usiku wa baridi kali, na usiku wa namna hiyo haupatikani Longisa. Hapa, hata umande wa Julai unaomfanya mtu ajifunike blanketi mbili hauwezi kugandisha kikombe cha juisi. Ilibidi baridi itengenezwe.

Mtambo wa kwanza wa kuitengeneza mbali na miji haukutumia umeme. Mwaka 1922 wanafunzi wawili mjini Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji isiyo na mota. Moto mdogo huchemsha mchanganyiko wa amonia na maji, mvuke wa amonia huzunguka katika mabomba ukapoa na kuwa kimiminika, na kimiminika hicho kinapogeuka mvuke tena huacha baridi nyuma yake. Kampuni ya Electrolux ikaichukua, na friji za mafuta ya taa zikasambaa katika makoloni: kwenye mashamba ya walowezi, kwenye misheni, kwenye vituo vya afya. Mwenye kuitunza alikuwa na kazi ya kila siku. Utambi ukatwe sawasawa, tangi lijazwe, friji isimame wima bila kuinama hata kidogo, ama sivyo hugoma.

Wakati huohuo umeme nao ulikuwa ukipanda kutoka pwani, tena kwa mwendo wa kobe. Mwaka 1875 Seyyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alijipatia jenereta ya kuwashia taa jumba lake na njia za karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliichukua jenereta hiyo na kuivusha hadi Mombasa, na hapo ikazaliwa kampuni ya kwanza ya stima mjini. Nairobi ilianza yake mwaka huohuo. Mwaka 1922 kampuni za miji hiyo miwili ziliunganishwa kuwa East African Power and Lighting, ambayo mwaka 1983 ilibadilishwa jina kuwa Kenya Power and Lighting. Zaidi ya miaka mia moja ilipita tangu taa za Barghash hadi siku ambapo mkulima wa kawaida wa Bomet angeweza kuota kuwa na soketi ukutani.

Haina maana kwamba umeme haukuwako karibu. Kampuni za Brooke Bond na James Finlay, zilizoingia Kericho katika miaka ya 1920, zilitumia mito ya Mau kujijengea mitambo midogo ya umeme wa maji kwa ajili ya viwanda vyao vya chai. Hospitali ya Tenwek, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1937 karibu na mto Nyangores, nayo ilipata mtambo wake katika maporomoko ya mto huo mwaka 1987. Lakini stima ya namna hiyo ilikuwa na ua. Ilizunguka kiwandani au wodini, na nje ya ua giza likabaki giza.

Kwa wakazi wa vijiji vingi, barafu ya kwanza ya kutengenezwa waliyoiona haikuwa tamu. Ilikuwa ndani ya boksi la chanjo. Kenya ilianzisha mpango wake wa kitaifa wa chanjo, KEPI, mwaka 1980, na chanjo za watoto huharibika zisipokaa kati ya nyuzi 2 na 8 za selsiasi. Friji za vituo vya afya, nyingi zikiwa za mafuta ya taa, zilipewa kazi mbili: kuhifadhi chupa za chanjo na kugandisha pakiti za maji za kupangwa pembeni mwa boksi, muuguzi anapokwenda kuchanja mashinani. Mama aliyesimama foleni na mtoto mgongoni aliona pakiti zile nyeupe zikitoa moshi wa baridi. Hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa.

Iliyobadilisha mambo ni sheria, fedha na transfoma. Sheria ya Nishati ya mwaka 2006 iliunda Mamlaka ya Kusambaza Umeme Vijijini, ambayo kwa miaka iliyofuata ilivuta nyaya hadi kwenye masoko, vituo vya afya na shule za upili. Kisha serikali iliyoingia mwaka 2013 ikaahidi kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza, na ahadi hiyo ikailazimisha kupeleka stima katika shule za msingi za umma. Kufikia mwaka 2016 zaidi ya shule 20,000 zilikuwa zimeunganishwa. Mwaka 2015 ukazinduliwa mradi wa kuunganisha nyumba zilizo karibu na transfoma. Gharama ya kuunganishwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000, na waliolengwa ni wale waliokaa ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Mwaka 2013 Kenya Power ilikuwa na wateja zaidi kidogo ya milioni mbili. Mwaka 2021 walikuwa wamepita milioni nane.

Ukichora mambo hayo kwenye karatasi, utaona kwa nini biashara ya barafu ilichipuka pale ilipochipuka. Transfoma iliwekwa kwa ajili ya shule. Nyumba zilizopata stima kwa bei nafuu ni zile zilizoizunguka shule. Na wateja wakubwa wa barafu ni watoto wanaotoka darasani saa nne na saa saba. Hakuna ofisi iliyokaa kupanga hivyo, lakini nyumba yenye soketi na lango lenye wanafunzi mia kadhaa vilijikuta mita mia chache tu vikitazamana. Kilichokosekana kilikuwa friji, na hiyo mama wa nyumba aliinunua ya mtumba, kwa pesa za bonasi ya chai, za maziwa au za chama.

Namna ya kuitengeneza haina siri, ila ina vipimo. Maji huchemshwa kwanza, kwa sababu kugandisha hakuui vijidudu vya homa ya matumbo wala vya kuhara, huvilaza tu. Sukari huyeyushwa maji yakiwa bado moto. Pasheni hukatwa katikati, nyama yake ikakwanguliwa kwa kijiko na kusukumwa kwenye chujio hadi mbegu zibaki kavu. Mama akionja mchanganyiko ukiwa vuguvugu, unapaswa kumzidi utamu kidogo. Ulimi uliopoa hausikii sukari vizuri, na juisi inayopendeza glasini huwa chapwa ikiganda. Lakini sukari nayo haitaki kuzidishwa. Hushusha kiwango cha kuganda, na asubuhi mtu akakuta uji wa baridi badala ya barafu. Mikononi mwa mzoefu, vijiko huhesabiwa kwa macho.

Kisha, hadi mwaka 2017, ilitiwa kwenye vifuko virefu vyembamba vya plastiki, visijae hadi juu, maana maji yakiganda hutanuka kwa takriban sehemu moja ya kumi na fundo lingepasuka. Hulazwa kwenye friza jioni, mtu asiifungue tena hadi asubuhi. Adui mkubwa ni stima kukatika usiku wa manane. Barafu iliyoyeyuka nusu na kuganda tena hujulikana hata kwa kuitazama: rangi yote imetuama chini, juu pamebaki peupe, na chembe zake ni kubwa zinazokwaruza ulimi. Hiyo mtoto hainunui. Ataigeuza mara moja, airudishe, aseme, “Mama, nipe ile nyingine.”

Jinsi ya kula nayo ina mafunzo yake, ingawa mlaji hana habari nayo. Enzi za vifuko, mtoto aling’ata pembe ya kifuko, akaanza kunyonya. Kinachoyeyuka kwanza ni maji yenye sukari nyingi, kwa kuwa ndiyo yaliyoganda mwisho. Dakika chache baadaye rangi na utamu vimekwisha, na mkononi kimebaki kipande cheupe kisicho na ladha. Wajanja walikivunjavunja wakagawana, wengine walimtumbukizia mwenzao shingoni ndani ya sare, na kengele ililia hapo.

Kwa miaka mingi ladha yenyewe haikutoka shambani. Ilitoka dukani, katika pakiti ya juisi ya unga au chupa ya juisi nzito, na rangi yake ikang’aa kuliko tunda lolote. Sababu ilikuwa ya kihesabu. Pakiti moja ilitoa barafu nyingi, na bei ya barafu ilifungwa na sarafu iliyokuwa mfukoni mwa mtoto. Sarafu ya shilingi tano yenye pembe saba ilitoka mwaka 1985, ya shilingi kumi ikafuata mwaka 1994, na biashara hii imeishi kati ya sarafu hizo mbili. Huwezi kumuuzia mtoto wa darasa la tatu barafu ya shilingi saba na nusu.

Pwani hesabu ilikuwa tofauti. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zilikuwa na ubuyu na ukwaju, matunda yanayohifadhika makavu gunia zima, yanayotoa ladha kali kwa kiasi kidogo, na yanayouzwa rahisi. Barafu ya ukwaju ilitoka jikoni bila kuhitaji pakiti ya kiwandani. Kumenya nanasi au kuchuja pasheni ni kazi zaidi, tena tunda bichi huoza kabla ya mwisho wa wiki. Mbuyu nao hauoti katika baridi ya Bomet. Anayetaka barafu ya tunda huku juu lazima atafute la kwao.

Na la kwao lipo. Nanasi hutoka Roret, upande wa Bureti, ambako limekuwa zao la wakulima wadogo. Pasheni hupanda kwenye ua. Mapera huiva mengi kiasi cha kuokotwa njiani na ndege na watoto. Matunda damu, yenye ngozi nyekundu na uchachu unaovuta shavu, hukua vizuri katika ubaridi wa nyanda za juu kuliko pwani. Cha ajabu ni kwamba yote manne asili yake ni Amerika: pera na nanasi nchi za joto za huko, pasheni Amerika Kusini, tunda damu milima ya Andes. Chai yenyewe, iliyoipa nchi hii sura yake, ilitoka Asia. Barafu ya tunda inayouzwa Longisa kama kitu cha nyumbani kabisa imekusanya wahamiaji watupu.

Majani ya kunukia ndiyo nyongeza ya siku za karibuni. Mchaichai na mnanaa hupandwa kando ya jiko kwa ajili ya chai, na aliyezoea kuvitia kwenye birika hahitaji kufundishwa kuvitia kwenye juisi. Mchaichai hupondwa mashina na kuchemshwa na maji yale ya sukari. Mnanaa haupendi moto mwingi. Hutiwa moto ukishazimwa, ukafunikwa dakika kumi, ukachujwa. Nanasi na mnanaa hupatana. Tunda damu hutaka tangawizi kidogo. Pera lililoiva mno, ambalo sokoni halina mnunuzi tena, hutoa barafu nzito yenye harufu inayojaza chumba, mradi mbegu zichujwe vyema.

Msukosuko mkubwa ulikuja tarehe 28 Agosti 2017. Siku hiyo marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza kutekelezwa Kenya, baada ya tangazo lililotolewa na Waziri wa Mazingira Judi Wakhungu mwezi Februari mwaka huo. Majaribio ya 2007 na 2011 yalikuwa yamefifia, kwa hiyo wengi walidhani hili nalo litapita. Halikupita. Adhabu ilifika faini ya shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne, na marufuku haikugusa mifuko yenye mishikio peke yake. Iligusa pia ile bapa isiyo na mishikio, ambayo ndiyo iliyokuwa ikifungia barafu, njugu na sukari ya robo. Zanzibar ilikuwa imetangulia mwaka 2006 na Rwanda mwaka 2008. Tanzania Bara ilifuata tarehe 1 Juni 2019.

Kwa mama wa barafu, kilichokatazwa kilikuwa chombo cha kazi. Wengine waliacha. Wengine walihamia kwenye vikombe vidogo vya plastiki ngumu, na kikombe kikadai kijiti, kwa sababu barafu ya kikombe hainyonyeki. Hapo ndipo barafu ya Longisa ilipokaribia umbo alilolishika Epperson mwaka 1905, na kilichoisukuma huko ni sheria ya mazingira. Vijiti vilitokana na mbao laini au mianzi, vikinunuliwa kwa pakiti mjini. Waliokuwa na mtaji kidogo walinunua kalibu za plastiki zenye matundu sita au manane. Kikombe na kalibu vinaoshwa na kutumika tena, kitu ambacho kifuko hakikukifanya kamwe, lakini vinataka mteja ale papo hapo na kurudisha, au mama ahesabu hasara ya kikombe ndani ya bei.

Mabadiliko hayo yalifungua mlango kwa tunda. Kikombe kikiwa ghali kuliko kifuko, barafu nayo haina budi kuuzwa ghali kidogo, na mnunuzi wa shilingi kumi au ishirini hutaka kuona alichokilipia. Kipande cha nanasi kilichoganda katikati kinaonekana. Mbegu mbili tatu za pasheni zilizoachwa makusudi zinaonekana. Unga wa pakiti hauna cha kuonyesha.

Kuna pia barafu inayostahili kuzaliwa huku kuliko mahali pengine popote, nayo ni ya chai. Majani meusi yakikorogwa kwa nguvu na kuachwa yapoe hutoa ukungu na uchungu, kwa hiyo hulowekwa muda mfupi tu, yakachujwa, yakatiwa limau na sukari. Inayovutia macho zaidi ni chai ya zambarau. Aina hiyo, iitwayo TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na taasisi ya utafiti wa chai iliyoko Kericho. Jani lake lina rangi ileile ya asili inayopatikana katika zabibu nyeusi, na rangi hiyo hubadilika kufuata uchachu. Ukikamulia limau ndani ya chai hiyo iliyopoa, hugeuka waridi mbele ya macho yako. Igandishe pamoja na mchaichai, na utakuwa na barafu ambayo maji yake yamechemshwa kwa lazima, rangi yake haikutoka chupani, na kila kilichomo isipokuwa sukari kingeweza kutoka shamba la jirani.

Hadi leo biashara hii huenda na kalenda mbili, ya mvua na ya shule. Januari, Februari na Machi ni miezi ya kuuza: jua ni kali, muhula umeanza, na mama aliye na friza ndogo hujaza kila pembe yake. Likizo ya Aprili hufika pamoja na mvua za masika, na mauzo huanguka siku moja kama yaliyokatwa kwa kisu. Friza hiyohiyo hupewa kazi nyingine, ya maziwa, nyama au samaki, kwa sababu mita ya tokeni haijali ni kitu gani kinachopozwa. Anayetaka kuuza zaidi ya lango la shule hukutana na kaunti: kibali cha biashara, cheti cha afya cha anayeshika chakula, na ukaguzi wa afisa wa afya ya umma. Wengi hubaki jikoni kwao. Majani ya chai ya jirani hupimwa kilo kwa kilo katika kituo cha kununulia na kuandikiwa stakabadhi. Barafu huandikwa, ikiwa itaandikwa, nyuma ya daftari la hesabu la mtoto wa nyumbani: majina ya waliokopa, na kando yake idadi ya vikombe ambavyo havijarudishwa.